Mbili Nne, Saba Tatu, Tano Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeshuka tangu alfajiri na simu imelia kabla sijavua koti. Mwenye duka la viatu ana maji hadi rafu ya pili. Mwalimu mkuu mmoja anasema madawati yake yanaelea. Kazi yetu ni pampu: tunazitengeneza, tunazikodisha, na mvua zikikolea tunakwenda na mipira yetu kuwatolea watu maji majumbani. Miezi hii wengine wananuna, sisi tunapandisha mikono ya mashati. Tusipochakarika sasa, mwaka uliobaki tunakaa tukitazamana.

Na miezi hiyohiyo ndiyo aliyoichagua mwenye nyumba. Amekuja mwenyewe, mwavuli ukichuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, akasema jengo limeuzwa na litavunjwa, na mwisho wa mwezi anataka funguo zake. Baba akamvutia kiti, akamuuliza pampu yake inasumbua nini. Mwenye nyumba akanitazama mimi, mimi nikatazama dirisha.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi nyingine imepatikana, upande wa pili wa mji, juu kilimani ambako maji hayakai. Aliyeipata ni Meneja. Meneja ni mdogo wangu. Cheo alijipa mwenyewe siku aliponunua viatu vyenye ncha, na mafundi wakakipokea kwa sababu kinawachekesha. Ofisi ina madirisha makubwa, ina choo ambacho hakilalamiki, ina mahali pa kuegesha pikapu. Sina neno. Nilichouliza ni kimoja tu: simu je?

"Tunachukua namba mpya," akasema, kama mtu anayezungumzia kubadilisha soksi.

"Na Baba?"

"Baba atajifunza, Dada."

Nilitoka nikasimama kibarazani mpaka bega moja likalowa. Hasira zangu hazipendi kukaa ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike vizuri jambo lenyewe, labda likikaa kwenye karatasi litaacha kunizunguka kichwani.

Baba anasahau. Alianza na majina ya mafundi, tukacheka naye. Akaja akasahau kwamba Mama amefariki, na kila tulipomwambia alilia upya, mpaka tukaacha kumwambia. Mwaka jana akaanza kupotea. Anatoka kama mtu mwenye safari, kofia kichwani, bisibisi mfukoni, halafu kona moja inamgeuka na hajui tena yuko wapi. Tumempa simu ya mkononi, anaiacha kwenye sufuria. Tumemtilia kadi mfukoni, anaichana, anasema yeye si mzigo wa kubandikwa anwani.

Kitu kimoja hakijamtoka, nacho ni namba ya ofisi. Aliichora mwenyewe kwa brashi kwenye kila pampu iliyopita mikononi mwake: 24 73 55. Mtu akimshika mkono akamuuliza, "Mzee, kwenu wapi?" hasemi mtaa, hasemi nyumba. Anasema, "Mbili nne, saba tatu, tano mbili." Simu inalia hapa mezani kwangu, mimi nachukua koti. Mpaka leo kila mara amerudi.

Sasa nani anisaidie kumweleza Meneja kwamba hiyo si namba tu?

Ijumaa, 7 Machi

Mama Mapazia amepiga. Mvua haijawa mvua mpaka huyu mama apige.

Kisa chake ni hiki. Baba akisema "tano mbili" anamaanisha tano ziko mbili. Ndivyo alivyosema maisha yake yote na ndivyo alivyotufundisha wote, hata mafundi. Lakini nusu ya wanaosikia wanaandika tano, kisha mbili, na namba inayoishia hamsini na mbili ni ya mama mmoja anayeshona mapazia mtaa huuhuu. Sijawahi kumwona. Kwa sauti yake namkadiria kuwa mwanamke mpana, mwenye kiti kikubwa, anayekula huku anafoka.

"Leo nimeamshwa na mtu ananiambia maji yamefika kitandani," akasema. "Nimemwambia ahamie juu ya kabati. Binti, mimi ni karani wenu?"

"Samahani, Mama. Wanasikia vibaya."

"Hawasikii vibaya. Mnasema vibaya. Semeni tano tano, kama watu!"

Akakata. Nikabaki na mkono wa simu, nikajikuta nacheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kampuni ya simu pamoja na Meneja. Karani alikuwa na mafua na ufunguo uliofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikamweleza tunahama, tunataka kuhama na namba yetu.

"Namba ni ya jengo, dada, si ya mtu," akasema. "Jengo likienda, namba nayo imekwenda."

Nikabishana naye hadi foleni ikaanza kuguna. Alichoweza kunipa ni kuzihamishia simu za namba ya zamani kwenye namba mpya mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo anayepiga atasikia sauti ya kumwambia haitumiki.

Akatugeuzia kioo cha kompyuta tuchague. Huko kilimani namba zote zinaanza na sitini na sita. Meneja akashika kichwa.

"Sita sita! Biashara gani inamwambia mteja asite, tena mara mbili? Mtu maji yako magotini, sisi tunamwambia sita, sita?"

Hata karani alicheka katikati ya mafua yake. Mimi macho yangu yalikuwa yameshapata nilichokitaka: 66 73 55 ilikuwa wazi. Nikaweka kidole pale. Sita sita, saba tatu, tano mbili. Kingebadilika kichwa tu, mkia ungebaki uleule. Baba angeweza.

Meneja akaweka kidole chake chini ya changu: 66 11 11.

"Moja kwa moja," akasema. "Pampu Moja kwa Moja. Dada, hiyo inajitangaza yenyewe."

Nikamwambia tutaongea nyumbani. Sikutaka karani ashuhudie.

Jumamosi, 15 Machi

Tumeongea nyumbani, kama kule kunaweza kuitwa kuongea. Yeye alisema wateja, bango, vibandiko, watu wa kilimani hawatujui. Mimi nilisema Baba. Yeye akasema namba inayofanana na ya zamani itamchanganya Baba zaidi, atachukua kichwa cha hii na mkia wa ile. Nikamwambia asijifanye daktari, aseme tu anataka namba ya kujionyeshea. Akavaa viatu vyake vyenye ncha, akaondoka.

Jana alikuwa ameshasaini. Moja moja moja moja. Nimelijua hilo kwa fundi mkuu, ambaye alidhani najua.

Nimefua nguo zote za nyumba nzima, hata zilizokuwa safi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeanza kumfundisha. Nimekaa naye wakati anachonga kijiti cha kuzibulia mpira.

"Baba, sema nami. Sita, sita."

Akaacha kuchonga. Kisu kikasimama hewani.

"Nisite nini?"

"Hapana, Baba, ni namba. Namba mpya ya ofisi. Sita, sita…"

"Mbona unaniambia nisite wakati sifanyi kitu?" Akakiweka kisu chini taratibu, akakaa mikono magotini, kama mtoto aliyeambiwa kuna nyoka. "Kuna nini? Kuna maji?"

Nilimwambia hakuna kitu. Nikamwomba aniambie namba ya ofisi. Akanitajia bila kupepesa, na uso wote ukamchangamka: mbili nne, saba tatu, tano mbili.

Jumatano, 19 Machi

"Nisite nini?" Vilevile.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu juzi bila kupumua. Pampu zote ziko nje, na mafundi wanarudi kubadilisha soksi tu.

Mama Mapazia tena. Leo hakufoka, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Alisema amechoka. Amekwenda kuomba abadilishiwe namba, wamemwambia asubiri, itatoka kabla ya mwisho wa Mei. "Nimeshona miaka yote hii mguu mmoja kwenye cherehani, mwingine ukikimbilia simu yenu," akasema. "Sasa basi."

Nikamwambia ana haki, tena sisi tunahama, atapumzika. Akauliza tunahamia wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kumbe," halafu hakukata, nami sikukata.

Jumatatu, 31 Machi

Tumehama. Makabati, mipira, meza yangu yenye mguu mfupi. Baba alisimama mlangoni akiwaelekeza mafundi, "Polepole, polepole," akidhani tunaingia.

Ijumaa, 4 Aprili

Ofisi hii ina mwangwi. Madirisha makubwa yanaonyesha mji wote ulivyolowa, na mimi siwezi kuketi. Naipangusa meza, nasogeza simu kushoto, naisogeza kulia. Bango limepanda leo, jekundu: PAMPU MOJA KWA MOJA. Mafundi wanalipigia saluti. Simu za namba ya zamani zinaingia vizuri, kama mwenzetu aliyehama nasi. Kila ikilia nasema moyoni, mpaka mwisho wa mwezi, mpaka mwisho wa mwezi.

Baba kiti chake tumekiweka karibu na mlango, mahali penye mwanga. Kila asubuhi anaingia, anavua kofia, anauliza, "Hapa ni kwa nani?"

Jumatano, 9 Aprili

Jua kidogo. Hakuna simu. Bora mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewaona toka dirishani: Meneja na Baba ndani ya pikapu, imeegeshwa hapo chini, na hawashuki. Midomo inakwenda. Nikajua ameweka redio wanaimba, na mimi juu huku wateja wawili wako kwenye simu na fundi hajulikani alipo. Aliposhuka nilimpa maneno yake. Hakujitetea. Ningependa angejitetea, ningepata pa kumalizia.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshona namba mpya ndani ya kola ya mashati yote ya Baba, kwa uzi mweupe, asione. Nani atamgeuza mzee kola barabarani? Lakini mikono yangu ilitaka kufanya kitu.

Jumatano, 30 Aprili

Leo ndiyo mwisho. Mchana nikakumbuka kitu na nikaona haya kwamba sikukikumbuka mapema. Nikampigia Mama Mapazia, mimi kwa mara ya kwanza.

"Mama, kuanzia kesho namba yetu ya zamani imekufa. Wanaokosea watakuja kwako vilevile. Nakuomba, kwa siku zilizobaki kabla hujabadilisha yako, ukipata mtu mwenye shida ya maji umwambie namba yetu mpya."

"Mimi ni karani wenu?"

"Hapana, Mama."

"Sina kalamu, sina karatasi, na nguvu sina."

Nikaitaja hata hivyo, haraka haraka, kabla hajakata. Akakata.

Ijumaa, 2 Mei

Nimeipiga namba ya zamani kuisikia tu. Mwanamke mwenye sauti ya mashine akasema namba ninayopiga haitumiki. Nikakata nikapiga tena, sijui nilitegemea abadilishe maneno?

Alhamisi, 8 Mei

Mvua kubwa. Meneja ameweka kitasa kigumu mlangoni ili Baba asitoke, Baba amekifungua kwa bisibisi yake wakati tunakunywa chai. Alikifungua vizuri, skrubu akazipanga juu ya meza.

Alhamisi, 15 Mei

Siwezi kuketi kuandika na siwezi kutoandika.

Mvua ya leo sijawahi kuiona. Saa nne asubuhi mtaa mzima wa bondeni ulikuwa unatupigia. Mafundi wote nje, Meneja nje. Nilikuwa na mwanamke kwenye simu, ana watoto juu ya meza ya jikoni, ananieleza njia ya kwake huku analia. Baba akaniita. Nikainua mkono. Akasema kitu. Namkumbuka sasa, nakumbuka kabisa alichosema: "Nitoke mara moja?" Na mimi nilikuwa nikimwambia mwanamke, "Sawa, sawa, sawa."

Nilipoweka simu chini, kiti kilikuwa kitupu.

Nilishuka ngazi mbio. Barabara ilikuwa mto. Mlinzi wa jengo la pili alimwona mzee mwenye kofia akipanda basi, akaelekea mjini, "anatembea kama mtu anayewahi kazini." Nikapanda ngazi kurudi kwa sababu simu ilikuwa inalia, na katika dunia hii nilikuwa na kamba moja tu ya kumvutia Baba, nayo ilikuwa imefungwa mezani.

Nikampigia Meneja. Hakuuliza swali. Alisema, "Amekwenda ofisi ya zamani," akageuza pikapu.

Halafu nikangoja. Hakuna kazi mbaya kama ile. Simu inalia, nairukia, ni mtu na sebule yake. Nachukua anwani, naomba samahani, nakata. Inalia tena, ni bomba lililopasuka. Kati ya simu na simu nilikuwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, kilichokuwa bado na kisu na kijiti cha kuchonga. Nilimwona kichwani mwangu, yuko mahali fulani, maji yanamtiririka kwenye kofia, mtu mwema amemshika mkono, na yeye anataja kwa uhakika wote namba iliyokufa. Ndio uliokuwa unaniua, ule uhakika wake. Asingejua lolote, mtu angempekua, angeona kola. Lakini atataja namba, watapiga, mashine itawajibu haitumiki, naye atasema wamekosea, wapige tena.

Meneja akapiga. Jengo halipo. Kuna uzio wa mabati na shimo limejaa maji. Ameuliza watu, kuna aliyemwona mzee amesimama mbele ya mabati anayagonga kama mlango, kisha hakumwona tena. Sauti ya Meneja ilikuwa ya utotoni mwake. Nikamwambia asiliangalie lile shimo. Akasema, "Dada, nimeshaliangalia."

Nikaipiga ile namba tena. Haitumiki. Nikaitukana ile mashine matusi ambayo sitayaandika.

Simu ikalia.

"Binti."

Nilidhani amechoshwa tena na wateja wetu. "Mama, si leo, nakuomba, si leo…"

"Nyamaza unisikilize. Mfamasia wa dukani hapa kona ya zimamoto amenipigia sasa hivi. Anasema ana mzee amelowa chapachapa, amemuuliza kwao wapi, mzee akamtajia namba yangu. Mbili nne, saba tatu, tano mbili. Nikamuuliza, huyo mzee anafanya nini? Akasema yuko chini ya sinki la duka, amelifungua bomba, anasema limefungwa vibaya. Nikajua huyo ni wenu."

Nilikaa kwenye sakafu na waya wa simu ukanyooka.

"Uko hapo?" akauliza. "Nakwenda mwenyewe, ni hatua chache. Nitamshika. Njooni."

"Mama… namba yetu uliipata wapi? Ulisema huna kalamu."

"Sita sita, moja moja moja moja," akasema Mama Mapazia. "Namba hiyo inahitaji kalamu?"

Ijumaa, 16 Mei

Naendelea.

Meneja alinipitia, tukashuka pamoja. Kwenye lile duka la dawa walikuwa wamemvika Baba koti jeupe la mfamasia, na pembeni yake ameketi mwanamke mdogo, mwembamba, futi ya kupimia shingoni, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa anamfuta Baba nywele kwa kitambaa cha pazia chenye maua. Nilitafuta kwa macho yule mama mpana wa kichwani mwangu, mpaka huyu akafungua mdomo.

"Mmechelewa," akasema.

Nikamkumbatia na futi yake na pini zake. Nilichomwa, sikujali.

Baba alikuwa na furaha kweli. Akamshika mkono, akatutambulisha kama wageni waliofika ofisini. "Huyu ndiye karani wetu," akatuambia. "Ukipiga, anapokea."

Nikamwangalia Mama Mapazia, nikangoja amkoromee. Akakunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Napokea."

Kwenye pikapu Baba alilala begani kwangu. Meneja aliendesha mpaka mtaa wa pili, akaegesha, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. Nikamwacha alie. Alipomaliza alisema bila kunitazama:

"Nilidhani nani anaweza kusahau moja? Moja, moja, moja, moja. Ndiyo maana niliichagua. Nimekaa naye kwenye gari hili kila siku namfundisha. Hata moja haikushika."

"Si ungeniambia ni kwa ajili ya Baba!"

"Ungesema natumia ugonjwa wake kujipatia namba ya kujionyeshea."

Kweli ningesema. Ndivyo ningesema, kwa maneno hayohayo. Nikaona viatu vyake vyenye ncha vimejaa tope la lile shimo hadi kwenye vifundo, na suruali imelowa hadi kiunoni, na nikaelewa kwamba hakuliangalia tu, aliingia ndani yake kutafuta. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Achana nayo, Dada," akawasha gari.

Jumatatu, 19 Mei

Tumekubaliana: Baba hakai tena peke yake na mtu aliye kwenye simu. Mke wa fundi mkuu atakuja asubuhi, mimi mchana, Meneja jioni. Meneja ameandika zamu ukutani, amejiandika "Meneja".

Na mimi naamka na jambo moja tu: kabla ya mwisho wa Mei, Mama Mapazia anabadilisha namba. Kamba pekee tuliyobaki nayo ni kosa la masikio ya watu, na namba ya kosa hilo inaondoka. Siwezi kumwomba abaki na kero yetu. Nimeinua simu mara kadhaa nimwombe, nikairudisha.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inapungua. Sikumpigia.

Jumamosi, 24 Mei

Amepiga yeye.

"Leo amekuja mtu wa simu," akasema, "ameniletea namba mpya. Nzuri, ina saba nyingi."

"Hongera, Mama," nikasema, na nilijitahidi isikike hongera.

"Nimemwambia arudi nayo."

Nikaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Usilie, binti, unanilowesha sikio. Sasa nisikilize. Mzee akitaja, mnasema tano mbili vilevile. Mtu asije akamsahihisha akamfundisha tano tano. Mmenisikia? Mwacheni aseme hivyohivyo."

Nikamwambia tumesikia. Akasema cherehani inamngoja, akakata kama kawaida yake.

Jumanne, 3 Juni

Hakuna mvua. Mji umekauka chini huko na simu imelala. Meneja amekwenda kumpelekea Mama Mapazia fundi wa kumtengenezea bomba la uani, na keki.

Nilikuwa naandika risiti nikasikia kiti cha Baba kinasogea. Amevaa kofia. Bisibisi mfukoni. Akaenda mlangoni kama mtu mwenye safari, akashika kitasa. Niliinuka, lakini sikumwita, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona.

Akasimama. Mkono ulibaki kwenye kitasa. Midomo yake ikaanza kwenda, kama ile siku ndani ya pikapu.

"Sita," akasema. "Sita, sita."

Akageuka akanitafuta kwa macho, uso wote umekunjamana kwa kutafuta.

"Halafu?"

"Halafu moja kwa moja, Baba."

"Moja kwa moja wapi?"

"Nyumbani."

Akafikiri. Akaachia kitasa, akavua kofia, akarudi kitini kwake.

"Basi malizia kazi," akasema. "Nitakungoja."